KUCHEZA NGOMA NA KUCHEZWA NGOMA: historia fupi kwa mama wa Ifakara na bonde lote la Kilombero

SEHEMU YA 1: Swali la kliniki

Nesi wenu nipo. Wiki hii tunaacha uji wa lishe na chanjo. Tunaongea ngoma.

Msishangae. Kila yanapokaribia mahafali ya shule, kuna swali narudi nalo nyumbani kutoka kliniki ya watoto. Mama ana kadi mkononi, mdogo yuko kwenye mizani, lakini moyo uko kwa mkubwa wa darasa la tano au la sita. Anauliza kwa sauti ya chini: "Nesi, shuleni wanamfundisha mwanangu kukata kiuno eti ni ngoma ya asili. Nimruhusu?"

Jibu langu fupi: mruhusu. Ngoma ni afya, ni kumbukumbu, ni adabu ya kucheza na wenzako bila kumkanyaga mtu.

Jibu refu linahitaji historia, maana ngoma ile anayofundishwa mwanao imesafiri sana kabla ya kufika kwenye uwanja wa shule. Njiani imepoteza kitu. Hicho kilichopotea ndicho ninachokutana nacho mimi wodini, na gharama yake wanalipa mabinti.

Kaa vizuri, mtoto anyonye, twende taratibu. Sehemu ziko saba.

SEHEMU YA 2: Neno moja, mambo manne

Hebu tuanze na neno lenyewe. Kwa Kiswahili chetu ngoma ni kile chombo chenye ngozi. Ngoma pia ni uchezaji. Ngoma ni mkusanyiko mzima, watu na pombe na pilau. Na huku kwetu ngoma ni yale mafundisho anayopewa mtoto anapokua.

Ndiyo maana tuna vitenzi viwili. Tunasema binti "amecheza ngoma", yaani ameingia uwanjani akacheza. Na tunasema binti "amechezwa ngoma", yaani amewekwa ndani, amefundwa, ametolewa. Herufi moja tu imeongezeka, lakini maana ni mbali na mbali. Anayecheza anatumia mwili wake. Anayechezwa, kuna watu wazima wamekaa chini kwa ajili yake, wanamwambia mambo ya mwili huo.

Shika hapo, tutaparudia.

Sasa tazama bonde letu. Wandamba ni watu wa mto, mtumbwi na samaki. Wambunga walikuja na vita na vurugu za karne ya 19 kutoka kusini, wakakaa. Wabena wako upande wa juu wa bonde. Wapogoro wana milima ya Mahenge ng'ambo ya mto, na wengi wao wameshuka huku kitambo. Ongeza Wahehe, Wangoni, Wangindo, waliokuja na viwanda vya sukari kule Kidatu, waliokuja na reli ya TAZARA iliyojengwa kati ya 1970 na 1975, na Wasukuma waliokuja na ng'ombe wao. Mtaa mmoja wa Ifakara ukipiga hodi nyumba kumi unaweza kusalimiwa kwa lugha tano.

Kila watu walikuja na ngoma zao. Ukitaja Sangula, mzee wa Kipogoro anakaa sawa kwenye kiti. Na kwa wengi wetu msimu ulikuwa mmoja: mpunga ukishavunwa, watu wakisharudi kutoka kwenye madungu ya mashambani, ghala lina kitu, usiku hauna mvua. Juni, Julai, Agosti. Hapo ndipo harusi, hapo ndipo kuwatoa wali, hapo ndipo ngoma.

Mtoto alijifunzaje hatua? Hakuna aliyemhesabia "moja, mbili, tatu". Alianza akiwa mgongoni. Mama yake anacheza, yeye kafungwa kwa kitenge, mwili wake unapokea mdundo kabla hajajua kusema "maji". Akipata miguu anasimama pembeni ya duara na wenzake, wanaiga, wanachekwa, wanarekebishwa na dada mkubwa. Akifika miaka kumi, hatua zipo zamani.

Lakini kuchezwa kulingoja. Kwa Wapogoro na majirani zao, binti aliyevunja ungo aliwekwa ndani, akaitwa mwali. Mama mzazi hakuwa msemaji mkuu. Mambo ya mwili yalisemwa na bibi, shangazi, au mama mtu mzima aliyeaminiwa. Kule Pwani wanamwita kungwi au somo. Huko ndani zilikuwepo nyimbo, mafumbo na michezo ya mwili. Hatua fulani ilikuwa na maana yake. Mwili ulifanya kazi ya ubao wa darasa.

Zamani kukaa ndani kulikuwa kurefu. Siku hizi kumefupishwa sana, maana shule haimsubiri mtu.

SEHEMU YA 3: Waliotaka ngoma inyamaze

Mwaka 1905 vita ya Maji Maji ilianza Umatumbi na kusambaa haraka. Wapogoro na Wambunga waliingia. Tarehe 30 Agosti 1905 boma la Wajerumani pale Mahenge lilishambuliwa na maelfu ya watu, na bunduki za rashasha ziliua wengi mno. Baada ya vita ikaja njaa, kwa sababu jeshi la Wajerumani lilichoma mashamba na maghala makusudi.

Kwa nini naweka vita kwenye habari ya ngoma? Kwa sababu tangu hapo mtawala alipoona watu wengi wamekusanyika usiku, ngoma inalia, hakuona sherehe. Aliona hatari. Chini ya Wajerumani, na baadaye chini ya Waingereza, kupiga ngoma mjini kulikuwa jambo la kuombewa kibali. Hebu fikiria, kibali cha kumchezea mwanao!

Upande wa pili ilikuwepo misheni. Bonde letu lilianza kuhubiriwa na Wabenediktini wa Kijerumani, na baada ya Vita ya Kwanza ya Dunia wakaja Wakapuchini kutoka Uswisi. Tuwe wakweli, hawa walituachia mengi. Shule, zahanati, hospitali, mpaka kazi hii ninayoifanya ina mizizi yake humo. Lakini kwa wamisionari wengi wa zama zile, hapa na kwingineko, ngoma ya mwali ilikuwa giza na uchafu. Mkristo mwema alitakiwa kukaa mbali nayo.

Si wote walifikiri hivyo. Kule Masasi, kwa Waanglikana, alikuwepo padri Vincent Lucas, aliyekuja kuwa askofu mwaka 1926. Yeye tangu mwaka 1913 aliona kwamba ukipiga marufuku jando, watu watakwenda porini bila wewe. Basi akalikubali jando, akaweka sala ndani yake, akaondoa alichoona hakifai. Mpaka leo wasomi wanabishana kama alifanya vizuri, maana naye aliamua kipi kibaki na kipi kitoke, na mwenye kuamua hakuwa bibi wa Kiyao wala wa Kimakua. Lakini alielewa jambo moja kubwa: ngoma ile ilikuwa shule, na ukiifunga ni lazima uwe na shule nyingine ya kuweka mahali pake.

Kwa mabinti wengi wa Kikristo haikuwekwa nyingine. Mafundisho ya dini yalisema usizini. Sawa kabisa. Lakini hayakusema damu inatoka wapi, mimba inaingiaje, wala umwambie nini mwanaume anayekuvizia njiani ukitoka kuteka maji.

SEHEMU YA 4: Waliotaka ngoma ipande jukwaani

Wakati huohuo msidhani watu walikaa wakilia. Mtu mweusi hajawahi kukosa ngoma. Mwishoni mwa karne ya 19 vijana wa pwani ya Kenya walianza Beni, ngoma ya gwaride, wakiiga bendi za kijeshi za Wazungu: mistari, vyeo, sare, tarumbeta. Ikashuka Tanganyika, ikagawanyika vyama viwili vikubwa vya Marini na Arinoti. Vita ya 1914 mpaka 1918 ikaisambaza pamoja na askari na wapagazi mpaka bara. Kwa hiyo mtu akikwambia ngoma ya asili haibadiliki, mwambie nesi amekataa. Babu zetu walichukua gwaride la mkoloni wakaligeuza mchezo wao.

Uhuru ukaja. Tarehe 10 Desemba 1962 Mwalimu Nyerere, siku moja baada ya Tanganyika kuwa jamhuri, alihutubia Bunge akatangaza wizara mpya ya utamaduni wa taifa na vijana. Alilalamika kwamba wasomi wetu walifundishwa dansi za Kizungu, wanajua rumba na chachacha na twisti, lakini wangapi wanajua gombesugu au lele mama? Ilikuwa hotuba ya kuponya kidonda. Watu walikuwa wameambiwa miaka na miaka kwamba hawana utamaduni.

Serikali ikaunda kikundi cha taifa cha ngoma miaka hiyohiyo ya mwanzo ya 1960. Wachezaji kutoka makabila mbalimbali wakajifunza ngoma za wenzao. Shule, viwanda, majeshi na mashirika ya umma nayo yakaunda vikundi. Mwaka 1981 kikaanza Chuo cha Sanaa Bagamoyo, ambacho leo ni taasisi, wengi tunaiita TaSUBa. Hata muziki wa dansi ulichukua majina humo: Msondo Ngoma na Sikinde, bendi alizozisikiliza baba yako redioni, ni majina ya ngoma za asili.

Hapa ndipo inapoingia Sindimba. Hii ni ngoma ya Wamakonde wa kusini, iliyohusiana na sherehe za jando na unyago. Ina kiuno, na kiuno chenyewe si cha utani. Kikundi cha taifa kiliichukua, ikapendwa nchi nzima, ikaingia shuleni. Kuna wakati ukisema "ngoma ya asili" mtoto wa Bukoba, wa Moshi na wa Ifakara wote walikuwa wanawaza Sindimba. Mmatengo anacheza Sindimba, Mgogo anacheza Sindimba, mkuu wa wilaya anapiga makofi.

Kuna faida. Mtoto wa Kindamba akajua kwamba Mmakonde ni ndugu yake. Aibu ya mkoloni ikapungua.

Lakini angalia kilichotokea safarini. Ngoma ya usiku mzima ikakatwa iwe ya dakika chache, kwa sababu mgeni rasmi ana ratiba. Duara likafunguka likawa mstari unaomtazama mgeni. Aliyekuwa anaitikia akawa mtazamaji. Maneno yaliyokuwa ya kumfunda mwali yakapangwa upya yawe ya kusifu viongozi, kilimo cha kufa na kupona, na siku hizi kampuni iliyodhamini. Kiuno kikabaki. Kilibaki kwa sababu kinashangiliwa.

Kwa maneno yetu ya Sehemu ya 2: taifa lilichukua kucheza. Kuchezwa likakuacha wewe mama uhangaike nako.

SEHEMU YA 5: Tupite Ufilipino kidogo

Mtanisamehe nikiwavusha bahari. Nataka muone kwamba jambo hili si letu peke yetu.

Ufilipino ni visiwa vingi, nao ni watu wa mpunga kama sisi. Walitawaliwa na Wahispania zaidi ya miaka 300, kisha wakaja Wamarekani. Miaka ya 1920 mwalimu mmoja wa mazoezi ya viungo, mwanamke, jina lake Francisca Reyes, aliyejulikana baadaye kama Francisca Reyes-Aquino, aliona wanafunzi wake wanajua michezo ya Kimarekani na hawajui ya bibi zao. Akaingia vijijini. Alikaa na wazee, akaangalia miguu yao, akaandika: mguu upi unaanza, mikono iko wapi, muziki unahesabiwaje. Andiko lake la chuo kikuu lilikamilika mwaka 1926. Baada ya hapo ngoma zile zikafundishwa shuleni kwa hatua zilizoandikwa, na hivyo ndivyo zinavyofundishwa mpaka leo.

Inayojulikana zaidi ni Tinikling. Watu wawili wanachuchumaa, wanashika mianzi miwili mirefu, wanaigonga chini kisha wanaigonganisha. Mchezaji anaruka ndani na nje bila kubanwa kifundo cha mguu. Inasemekana inamuiga ndege wa mashamba ya mpunga, tikling, anavyokwepa mitego ya mkulima. Mama wa Kilombero uliyewahi kuamia ndege toka alfajiri mpaka jua linazama, ngoma hii ungeielewa bila mkalimani!

Alichofanya mwalimu yule ni kikubwa. Aliandika miguu, mikono na wimbo. Ukitaka kujifunza, unaanza na hatua ya msingi, unarudia, unaongeza kasi. Natamani Sangula na ngoma nyingine za bonde hili ziandikwe hivyohivyo, kabla wazee hawajaondoka nazo.

Lakini hata daftari zuri kiasi gani lina mpaka wake. Daftari linaandika mguu wa kulia uende mbele. Haliandiki bibi alimnong'oneza nini mwali wakati mguu ule unakwenda mbele. Hiyo inahitaji mtu.

SEHEMU YA 6: Wodini

Sasa naongea kama nesi.

Wodi ya wazazi haina siri ya umri. Wapo mabinti wanaokuja wakiwa bado watoto. Sitaeleza habari ya mmoja, nitaeleza kinachojirudia. Binti anajua kucheza. Ukiwasha simu anaonyesha kiuno kuliko sisi sote. Lakini ukimuuliza siku yake ya mwisho ya hedhi, hajui kwa nini unauliza. Wapo waliodhani ukisimama huwezi kushika mimba. Wapo waliodhani mara ya kwanza haihesabiki. Mwili wanautumia, habari zake hawana.

Na mwili wa mtoto kuzaa si mchezo. Nyonga zake hazijakomaa, kwa hiyo mtoto anaweza kukwama njiani. Uchungu ukikaa siku mbili bila msaada, fistula iko mlangoni. Kifafa cha mimba kinawapenda sana wanaozaa mara ya kwanza wakiwa wadogo. Kuvunja ungo maana yake mayai yameanza kazi. Haina maana kwamba nyonga ziko tayari kuzaa.

Hapo sitaki mtu anisikie nikisema turudishe unyago wote kama ulivyokuwa. Hapana. Yapo mafundisho yaliyomwambia binti wa miaka 13 kwamba sasa wewe ni mke, kampendeze mume. Hayo yametujazia wodi pia. Na palipokuwa na kukata mwili wa binti kwenye baadhi ya jamii za nchi hii, hapo hakuna mjadala, ni ukatili na ni kosa la jinai. Tunachukua kiti cha yule bibi aliyekaa chini na binti akamwambia ukweli, na maneno ya kusema kwenye kiti hicho tunayachagua upya.

Na inawezekana, maana imefanyika. Profesa Penina Mlama, mzaliwa wa mkoa wetu huuhuu wa Morogoro, na wenzake wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walikwenda Malya, mkoani Mwanza, mwaka 1982 na 1983. Hawakwenda na hotuba. Walikaa na wanakijiji, wakauliza tatizo lenu ni nini. Likatajwa la mimba za mabinti. Basi vijana wenyewe wakalitengenezea ngoma na maigizo kwa michezo ya Kisukuma wanayoijua, wakaonyesha, kisha kijiji kikakaa kujadiliana, baba na mama wamo humo. Ngoma ilirudishwa kazini. Mtu hakutazama tu kiuno, alibaki kuongea.

Na mkumbukeni Bi Kidude wa Unguja, aliyefariki tarehe 17 Aprili 2013 akiwa mzee kwelikweli. Dunia ilimjua kwa taarabu, akapanda majukwaa ya Ulaya. Lakini nyumbani alikuwa mwalimu wa unyago, mpiga ngoma wa wali. Alifanya yote mawili. Alicheza mbele ya wageni, na aliwachezea mabinti wa watu ndani. Mwenye ngoma yake anaweza kuyabeba yote, kumbe.

SEHEMU YA 7: Hatua za mwanzo, nyumbani kwako

Haya, simama. Huna ngoma? Ndoo ya plastiki iliyopinduliwa na mwiko vinatosha. Hii si Sangula wala Sindimba. Ni msingi ambao ngoma nyingi za kwetu zinausimamia. Mtoto akiupata huu, mengine atafundishwa na wenye ngoma zao.

Kwanza, kusikiliza. Kaeni chini. Ngoma nyingi za kwetu zina mdundo unaoshika njia, haubadiliki, na mdundo unaoongea juu yake. Piga ule unaoshika njia, mtoto apige makofi. Usiende mbele mpaka makofi yametulia. Mwenye haraka hajui ngoma.

Pili, kusimama. Miguu iachane upana wa mabega. Magoti yalegee, yasikazwe. Mwili uiname mbele kidogo kama mtu anayepanda mpunga. Uzito uende chini. Dansi nyingi za Kizungu zinamvuta mtu juu, ngoma zetu nyingi zinaongea na ardhi.

Tatu, kukanyaga. Kulia, kushoto, kulia, kushoto, unyayo mzima. Halafu kulia mara mbili, kushoto mara mbili. Fanyeni mkiwa mmesimama, kisha mkitembea kwenye duara. Duara ni muhimu, kila mtu anamwona mwenzake na hakuna wa nyuma.

Nne, mabega. Miguu ikishajiendesha yenyewe, mabega yaingie. Mepesi, kama mtu anayekataa jambo kwa adabu.

Tano, kiuno. Mama, usiruke hapa kwa aibu, maana ukiruka wewe simu itafundisha. Kiuno kinaanzia magotini. Goti moja likikunjika zaidi, nyonga upande ule inashuka. Badilisha goti, inashuka upande wa pili. Taratibu kwanza. Ukikaza mgongo utaumia.

Sita, wimbo. Mmoja anaanzisha, wengine wanaitikia. Tungeni wa kwenu, hata wa kuosha vyombo.

Maneno mawili ya kinesi. Mjamzito asiye na damu wala maumivu acheze polepole, bila kuruka; akiona damu, maji au kizunguzungu, aache aje kituoni. Aliyejifungua asubiri mwili urudi, na aliyefanyiwa upasuaji aonwe kwanza kwenye hudhurio la siku ya 42. Ukicheza na kichanga, shika shingo yake, usimtikise.

Sasa mmecheza, mmechoka, mnakunywa maji. Hapo ndipo pa kuchezwa. Watoto wanaongea wakiwa na jasho kuliko wakiwa wameitwa sebuleni kwa kesi.

Kwa mdogo wa miaka mitano au sita, taja sehemu za mwili kwa majina yake bila kucheka, na mwambie nani haruhusiwi kuzigusa. Kwa wa miaka tisa au kumi, mwambie hedhi kabla haijamkuta, na mwoneshe pedi au kitambaa kinatumikaje. Kwa aliyevunja ungo, mwambie kuanzia sasa mimba inaweza kuingia hata mara moja, hata ukisimama. Mwambie akimwona mtu mzima anamnunulia chipsi bila sababu aje akwambie, na kwamba hutampiga kwa kusema. Mwambie kiuno anachocheza ni chake, hakimwalii mtu.

Na wa kiume je? Naye. Jando halikuwa la kisu peke yake, lilikuwa na mafundisho. Siku hizi tunampeleka tohara hospitali, anapona kidonda, tunamrudisha mpirani. Nani amemwambia kwamba binti akisema hapana ni hapana? Baba unayesoma kimyakimya, hiyo zamu yako.

Kama huwezi kusema mwenyewe, hata zamani mama mzazi hakusema. Tafuta shangazi, mama mdogo, mama mlezi wa kanisani au msikitini, au nesi. Lakini mchague wewe na ujue atasema nini. Usimwachie simu na wenzake.

Kwa hiyo mama uliyeniuliza kliniki: mruhusu acheze mahafali. Nenda ukae mbele, piga vigelegele mpaka sauti ikauke. Jioni mkirudi, akishavua zile njuga, mkalishe karibu yako umuulize, "Unajua zamani ngoma hii walikuwa wanawafundishia nini?" Kisha mwambie.

Wiki ijayo tunarudi kwenye lishe: mtoto wa miezi sita na samaki wa mtoni, miiba tunaifanyaje. Usiku mwema.